Dar es Salaam hadi Makgadikgadi kwa GPS ya Kuazima

Jumamosi: Dar es Salaam – Iringa

Tumeondoka Mabibo saa kumi na moja alfajiri ili tuipite Kibaha kabla barabara haijajaa malori. Tupo watatu kwenye Prado: mume wangu kwenye usukani, mdogo wake kiti cha nyuma pamoja na makaratasi ya gari na ndoo ya vitafunwa, na mimi kiti cha mbele, mwenye kazi ya kuelekeza njia. Tunakwenda Botswana kwa barabara kupitia Zambia, mpaka kwenye jangwa la chumvi la Makgadikgadi. GPS iliyobandikwa kwenye kioo ni Garmin ya kuazima. Mwenyewe ni rafiki yetu aliyekuwa akipeleka watalii mbugani, na ramani iliyomo ni ya kabla ya mwaka 2021. Kwenye simu yangu nimepakua ramani nyingine, ya OpenStreetMap, ile inayochorwa na watu wa kujitolea mtandaoni, Zambia nzima na Botswana nzima, inayofunguka hata pasipo mtandao. Hiyo ni ya mwezi huu.

Nilisisitiza tubebe zote mbili, na sababu ilionekana hata hatujatoka mjini. Pale Ubungo, Daraja la Kijazi lenye ngazi tatu lilifunguliwa mwaka 2021. Ramani ya Garmin hailijui. Inaonyesha makutano ya taa kama yalivyokuwa zamani, na mshale wetu unakatiza katikati yake, wakati sisi tupo juu hewani. Nikamwonyesha shemeji: mshale upo mahali pake sawasawa, michoro iliyo chini yake ndiyo iliyopitwa na wakati. Ndani ya kifaa kimoja kuna vitu viwili. Kuna kipokezi kinachojua tulipo, na kuna ramani ambayo watu waliichora siku fulani wakaifunga. Nataka wote ndani ya gari tulielewe hilo kabla hatujafika ugenini.

Chalinze, shemeji akauliza kama tumeshanunua bando la Zambia, maana GPS itakula data njia nzima. Swali hilo naulizwa na watu wengi, hata wanaoendesha kwa simu kila siku. Kipokezi hakitumii bando. Setilaiti za GPS ni za Marekani, zinazunguka dunia mara mbili kwa siku zikiwa umbali wa kilomita kama 20,200 juu, na zinatangaza saa na mahali zilipo bila malipo, kwa mtu yeyote mwenye kifaa cha kuzisikia. Zikisikika nne, kifaa kinapiga hesabu na kujua kilipo. Simu nayo ina kipokezi hicho hicho. Kinachokula bando ni kuvuta ramani mtandaoni huku unatembea. Ukiipakua nyumbani kwa waifai, unaweza kutoa laini kabisa kwenye simu na bado ukajua upo mtaa gani.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi barabara inakatiza kwa kilomita 50 hivi, na mwendo wa mchana ni 70. Hapo nikagundua jambo ambalo mume wangu alilipenda: mshale wa dashibodi ukisoma 75, GPS inasoma 70. Watengenezaji wa magari huweka spidomita isome juu kidogo ya mwendo halisi, lakini GPS inapima mwendo wenyewe. Hatukuongeza mwendo kwa sababu hiyo. Swala walikuwa ukingoni kabisa, na vijijini baada ya Mikumi trafiki wenye tochi wamejipanga kwenye kila kibao cha 50.

Mlima Kitonga niliungoja kwa hamu. Nilifungua ukurasa wa mwinuko kwenye skrini, tukawa tunasoma namba zinavyopanda kona hadi kona nyuma ya malori yanayotambaa. Kwenye kona zilizobanwa na ukuta wa mlima, anga inabaki kipande tu na setilaiti zinapungua. Usahihi, yaani mita ambazo kifaa kinaweza kukosea, ulikuwa mita 4, ukawa 12, ukarudi 5 tulipotokea juu. Mwinuko wenyewe usiuamini kwa mita moja moja. GPS hupima juu na chini kwa udhaifu kuliko inavyopima kaskazini na mashariki.

Tumelala Iringa. Asubuhi kifaa kilisema saa saba za safari. Mizani, rasta, matuta na Kitonga vimezifanya kumi.

Jumapili: Iringa – Tunduma

Siku ya kuendesha tu. Mafinga, Makambako, Igawa, Uyole, Mbeya. Barabara moja, na GPS haina la kusema zaidi ya “endelea mbele”. Nilitumia muda huo kuingiza mipangilio: kilomita badala ya maili, njia ya haraka badala ya njia fupi. Hiyo ya pili ni muhimu sana ugenini. Ukichagua njia fupi, kifaa kitakupitisha kwenye rafu rodi ya ng’ombe ili kuokoa kilomita mbili, na hakitajali kama mvua imenyesha.

Tunduma foleni ya malori imeanza kilomita nyingi kabla ya mji. Madereva wamefunga turubai kati ya semi mbili wanapika ugali. Tumelala upande wetu.

Jumatatu: Tunduma – Mpika

Mpaka wa Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja, maana yake pande zote mbili zinakuhudumia mahali pamoja. Shemeji ndiye aliyeshika faili: kadi ya gari, kibali cha kuingiza gari kwa muda, bima ya kadi ya njano ya COMESA, kadi za homa ya manjano. Wakala walituzonga tangu getini, kila mmoja akisema bila yeye hatutoki. Tulikwenda dirisha kwa dirisha wenyewe tukatoka salama kabla ya adhuhuri.

Tulipovuka, saa ya kifaa ikarudi nyuma saa nzima. Zambia wapo saa moja nyuma yetu. Kwa anayesafiri kwa gari hilo ni jambo la maana, kwa sababu makadirio ya saa ya kufika sasa ni ya saa za Zambia na kwa saa hizo jua linatua mapema kuliko ulivyozoea. Tumekubaliana kutoendesha usiku, kwa hiyo ninaangalia machweo ambayo kifaa chenyewe kinayaonyesha kwa mahali tulipo siku hiyo.

Isoka, Chinsali, Mpika. Barabara ni ile ile waliyoiita ya Tanzania na Zambia, T2 kwa huku, na reli ya TAZARA inaonekana na kupotea kando yake. Vijiji viko mbali na vingine. Kwenye skrini hakuna kitu ila mstari mmoja wa njano, na nilianza kuelewa kwa nini madereva wa malori wengi wa njia hii hawana GPS kabisa. Vituo vya mafuta wanavijua kwa majina. Hilo ndilo lililokuwa na shida kwetu. Garmin ilituonyesha kituo cha mafuta ambacho tulipofika tulikuta pampu zimeng’olewa zamani. Ramani ya simu haikuwa nacho. Tulikuwa na robo tatu ya tanki na madumu mawili juu, tukaendelea.

Jumanne: Mpika – Kapiri Mposhi

Kabla ya Serenje tumepita njia panda ya kwenda Samfya na Mansa, ambako pia ndiko unakopita kwenda Chitambo. Hatukuingia, lakini tulisimamisha gari kando tukanywa chai, na niliwasimulia.

David Livingstone alifia Chitambo tarehe 1 Mei 1873. Moyo wake ulizikwa pale chini ya mti, na watu wake, Chuma, Susi na wenzao, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Sisi tunakuja kutoka huko huko pwani kwa gari lenye kiyoyozi, kwa lami, na bado tunahesabu hii kuwa safari ndefu. Wao walipita kwenye nchi zenye vita na njaa wakiwa na mzigo ambao watu wengi waliuogopa, na hawakuwa na chombo cha kupimia. Walijua mito, machifu, mahali pa kupata chakula na mahali pa kupakwepa. Naona watu hawa hawajapewa heshima wanayostahili katika historia ya safari za Afrika. Jina linalotajwa ni moja tu.

Livingstone mwenyewe ndiye aliyekuwa na vyombo. Latitudo aliipata kwa kupima urefu wa jua na nyota juu ya upeo. Longitudo ilihitaji saa sahihi, na katika safari ile ya mwisho mchukuzi wa saa zake alianguka, zikavurugika mwendo, na tangu hapo longitudo zake zikapotoka. Tatizo lake lilikuwa saa, na GPS yote imejengwa juu ya saa. Kila setilaiti imebeba saa za atomu, kwa sababu mawimbi ya redio yanakwenda kilomita kama 300,000 kwa sekunde, na ukikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde umeshakosea mita 300. Saa hizo hata zinarekebishwa kwa nadharia ya Einstein. Zikiwa kule juu zinakwenda kasi kuliko zetu kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kwa siku, na zikiachwa hivyo, baada ya siku moja tu mshale wetu ungekuwa unatembea porini kilomita kadhaa kutoka barabarani.

Shemeji aliuliza kama Wamarekani wakitaka wanaweza kuizima. Mpaka mwaka 2000 walikuwa wanaiharibu makusudi kwa watumiaji wa kiraia, ukapata mahali kwa kukosea hata mita 100. Rais Clinton aliamuru uharibifu huo uondolewe Mei mwaka huo, na ndipo GPS ya kwenye gari ikawa na maana. Siku hizi vifaa vingi vinasikiliza pia setilaiti za Urusi, za Ulaya na za China.

Tumelala Kapiri Mposhi, mwisho wa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar kwa treni.

Jumatano: Kapiri Mposhi – Lusaka

Barabara hii inapanuliwa kuwa njia mbili kila upande, na michepuko ya vumbi haiishi. Kila tulipoingia mchepuko Garmin ilidai tugeuze gari. Nilizima sauti. Kibao cha mkandarasi kilichosimikwa asubuhi kina habari mpya kuliko ramani yoyote, na mwenye bendera nyekundu ndiye wa kumsikiliza.

Lusaka wamejenga madaraja ya juu miaka ya karibuni kama sisi, na GPS haijui kama upo juu au chini ya daraja. Inapoona barabara mbili zimepandana inakisia. Kwenye kipilefti cha Kafue tulikwenda kwa vibao na kwa simu.

Jioni, nyumba ya wageni, kijana wa mapokezi alipoona nimetandaza simu, kifaa na daftari mezani aliniuliza kama mimi ni mpima ardhi. Nilisoma Chuo Kikuu Ardhi. Mwaka 2015 nilikuwa miongoni mwa wanafunzi walioingia mitaani na mradi wa Ramani Huria, kuchora Dar es Salaam kwenye OpenStreetMap kwa ajili ya mafuriko. Tandale tulizunguka na wenyeji wa mtaa, wao wakisema mtaro huu unajaa mpaka hapa, sisi tukiweka alama kwenye GPS. Miaka michache kabla ya hapo, ukifungua ramani ya dunia nzima mtandaoni, Tandale ilikuwa uwanda mtupu, na watu maelfu wanaishi humo. Tangu wakati huo siwezi kuitazama ramani nikadhani imejichora yenyewe. Kila mstari kuna mtu alipita pale, au aliutazama kwenye picha ya angani, akaamua kuuweka. Mahali pasipo na mstari hapamaanishi mahali pasipo na kitu.

Alhamisi: Lusaka – Livingstone

Kafue, Mazabuka, Monze, Choma. Njia panda ya Chirundu malori mengi yanakata kushoto kwenda Zimbabwe na Afrika Kusini, nasi tukashika kulia. Mashamba ya miwa ya Mazabuka yanapendeza.

Tumefika mji wa Livingstone jua likiwa juu bado, tukaenda moja kwa moja kwenye maporomoko. Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria Falls, ni ya kuona kwa macho na sitaandika mengi, ila moshi wake wa maji unaonekana tukiwa bado barabarani, na mume wangu alisema huo ndio alama ya njia ambayo haihitaji chaji.

Usiku nimefanya kazi niliyokuwa nimeipanga tangu Dar. Kesho tunavuka Zambezi kuingia Botswana pale Kazungula. Miaka mingi hapo kulikuwa na kivuko tu, na malori yalikuwa yakisubiri siku kwa siku. Daraja lilifunguliwa Mei 2021. Nikaiambia Garmin itupeleke Kasane. Ikachora njia mpaka ukingoni na kuweka alama ya kivuko. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaweka tiki kwenye “epuka vivuko”, nikauliza tena. Safari hii ikatupitisha juu ya daraja la Mosi-oa-Tunya, lile la chuma la mwaka 1905, ikatuingiza Zimbabwe, ikatuzungusha hadi mpaka wa Kazungula kwa upande wa Zimbabwe, ndipo ikatutoa Botswana. Nchi moja ya ziada, mipaka miwili badala ya mmoja, kibali kingine cha gari, ada nyingine za barabara. Na kwa sauti ile ile ya uhakika. Msafiri asiyejua kuna daraja angefuata.

Nimefungua simu. Daraja lipo, na umbo lake la kujipinda.

Ijumaa: Livingstone – Kasane

Kilomita kama 70 mpaka Kazungula, lami safi. Zambezi, Chobe, na nchi nne zinakutana karibu karibu pale: Zambia, Botswana, Zimbabwe na Namibia. Mpaka wa Zambia na Botswana una urefu wa kama mita 150 tu, mdogo sana kwa nchi mbili. Ndiyo maana daraja lenye urefu wa mita 923 limejengwa kwa kujipinda, lisiguse Zimbabwe. Katikati yake wameacha nafasi ya reli.

Nilimwomba mume wangu aende taratibu kadiri sheria inavyoruhusu. Garmin ilikuwa kwenye kioo, simu mkononi kwangu. Tulipoacha nchi kavu, mshale wa Garmin uliingia ndani ya rangi ya bluu na sauti ikaanza kutafuta njia upya. Inatafuta, inakosa, inatafuta. Chini ya skrini usahihi ulikuwa mita 3, bora kuliko mahali pengine popote tulipopita, kwa sababu juu ya mto anga iko wazi pande zote. Nikamsomea shemeji latitudo na longitudo kutoka kwenye Garmin, namba kwa namba, yeye akaziandika kwenye simu yake yenye ramani mpya. Alama ikadondoka juu ya daraja, hata njia ya upande wetu.

“Shemeji, kumbe haijakosea,” akasema.

Haikukosea. Tulipofika upande wa pili nilirudisha skrini nyuma kidogo kuangalia alama ya tulikopita. Ilikuwa imechora upinde mzuri ndani ya maji matupu, daraja zima, kwa usahihi ambao mpimaji wa zamani angeulilia. Kifaa kilichokuwa kikisema hapa hakuna barabara ndicho kilichokuwa kimeichora wakati huo huo. Nimepiga picha ya skrini hiyo na nimehifadhi faili ya njia.

Naandika haya kwa kirefu kwa sababu nimesikia watu wakisema GPS iliwapoteza, kisha wanaacha kuitumia kabisa, na wengine wanaifuata mpaka mtoni. Wote wawili wanachanganya setilaiti na ramani. Jiulize ramani yako ni ya mwaka gani, iliyochorwa na nani, na kama imechorwa kutoka angani au na mtu aliyepita. Ukishajua hayo, mshale ni wa kuaminiwa.

Forodha ya Botswana walitaka tukanyage dawa ya kuua vijidudu, sisi na matairi, kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo wa ng’ombe. Nyama mbichi hairuhusiwi kupita. Kasane ngiri wanatembea mjini.

Jumamosi: Kasane – Nata

Kilomita 300 zilizonyooka. Tembo wanavuka bila kuangalia upande. Tulihesabu makundi mpaka shemeji akachoka. Kwenye barabara kama hii, hatari ya GPS ni macho kukaa kwenye skrini, kwa hiyo dereva haigusi wala haiangalii. Mimi ndiye ninayesoma na kusema.

Jumapili: Nata – Letlhakane

Francistown kununua maji, mafuta na kebo ya pili ya kuchaji. Hiyo kebo ni ya muhimu kuliko kifaa chenyewe. Halafu magharibi hadi Letlhakane, mji wa karibu na migodi ya almasi ya Orapa.

Kesho tunaacha lami. Tunakwenda Kubu, kisiwa cha mawe na mibuyu katikati ya Sua, moja ya mabwawa makubwa ya chumvi ya Makgadikgadi. Zamani hapa palikuwa ziwa kubwa sana; limekauka, limeacha chumvi. Tumechagua Agosti kwa sababu wakati wa mvua hakuna gari linalopita.

Usiku nimehakiki namba za mahali na mume wangu, kwa kalamu. Kubu ipo nyuzi 20 na dakika 53 kusini, nyuzi 25 na dakika 49 mashariki. Watu huandika namba hizi kwa namna tatu: nyuzi, dakika na sekunde, nyuzi na dakika zenye desimali, au nyuzi zenye desimali peke yake. Ukichukua “20 53” ukaiingiza kama 20.53, umejisogeza kilomita zaidi ya 39 kaskazini, kwa sababu dakika 53 ni sehemu ya 60, si ya 100. Namba sahihi ya desimali ni 20.88. Angalia pia herufi ya S. Vifaa vingine vikianza vinakuwa kwenye N, na kwetu tulio kusini ya ikweta hiyo ni kwenda jangwani Sahara. Kubwa zaidi, ukimaliza kuingiza, tazama umbali inaokuambia. Kama mwenyeji amesema ni safari ya nusu siku na kifaa kinasema kilomita elfu nne, acha kila kitu uanze upya.

Jumatatu: Mmatshumo – Kubu

Mmatshumo ni kijiji cha mwisho. Wanakijiji ndio wanaosimamia Kubu kupitia taasisi yao, na ada ya kulala inakwenda kwao. Mzee mmoja kwenye duka alimwuliza mume wangu kama tumepunguza upepo matairi, akatuambia tusiache njia ya magurudumu hata kama inaonekana kuzunguka.

Kutoka kijijini barabara inashuka kwenye ukingo, na ghafla upande wote wa kaskazini ni mweupe. Ni kilomita kama 45. Tulipita geti la uzio wa mifugo, tukaandikisha gari, tukaendelea. Sasa Garmin ilikuwa haina ramani kabisa: mshale kwenye skrini ya kijivu na mstari ulionyooka kuelekea Kubu, kama dira. Mstari huo ulionyooka ndio wa kuogopa. Ulikuwa unatuambia tukate moja kwa moja juu ya chumvi.

Nilishuka nikatembea hatua chache pembeni ya njia kuona ganda lenyewe. Juu ni gumu, linapasuka kwa sauti ya biskuti chini ya kiatu. Nikabonyeza kwa kisigino, likavunjika, na chini yake kukawa na tope la kijivu, baridi, lenye kunata. Gari la tani mbili lingekaa hapo hadi mtu apite, na siku hiyo hatukuona mtu. Kwa hiyo tulifuata alama za magurudumu na njia iliyorekodiwa kwenye ramani ya simu, ambayo inazunguka kama mzee alivyosema, na Garmin tukaitumia kwa kazi mbili tu: kutuambia Kubu imebaki umbali gani, na kurekodi kila tulipopita ili tuweze kurudi juu ya nyayo zetu wenyewe. Kazi ya pili ndiyo iliyonifanya nikubali kuingia huku.

Mibuyu ilionekana kwanza, midogo, ikielea kwenye mvuke wa joto. Umbali kwenye skrini ulikuwa kilomita 9. Bila namba hiyo ningeapa ni mbili. Mahali ambapo hakuna nyumba, hakuna nguzo, hakuna ng’ombe, jicho halina cha kupimia.

Kubu ni mwamba wa itale uliojaa mibuyu yenye magome ya rangi ya shaba. Tumepiga hema chini ya mmoja wenye kivuli cha kutosha gari na watu.

Jumanne: Kubu – Letlhakane

Tumerudi kwa nyayo zetu. Kifaa kimetoka nje ya mstari wa jana kwa upana wa gari moja au mawili tu njia nzima, hata pale upepo ulipokuwa umefuta alama za magurudumu na macho hayakuona kitu.

Sasa nipo kwenye hoteli yenye mtandao Letlhakane, wenzangu wamelala. Geti la uzio wa mifugo kwenye ramani ya OpenStreetMap lilikuwa limewekwa mbali na lilipo. Nimelisogeza kwa kutumia faili ya Garmin, nikaandika kuwa chanzo ni kipimo cha GPS cha Agosti. Kipande cha njia kabla ya Kubu ambapo magari yameanza kupita mashariki zaidi nimekichora upya, na ile ya zamani nimeiachia alama kwamba imeharibika. Nimesoma mara mbili, nimetuma. Kesho nikimaliza kuosha vyombo nitashughulikia kile kituo cha mafuta cha njia ya Mpika, halafu nimwandikie mwenye Garmin kwamba nitairudisha ikiwa na ramani mpya.